Kilo Ni Kilo Mpaka Mvua Inyeshe

Wingu lilitokea upande wa ziwani, na mwalo mzima wa Igombe, Mwanza, ukaliona kwa wakati mmoja. Kina mama waliokuwa kivulini wakisukana nywele wakanyanyuka, kila mmoja na turubai lake, watoto nyuma yao na mafagio. Dagaa walikuwa wametandazwa kila mahali: juu ya mchanga, juu ya nyavu kuukuu, wachache kwenye vichanja vya miti na waya. Walikuwa wamefikia ile hatua ambayo mgongo umekauka na kung'aa, lakini ukiminya tumbo bado linateleza.

Turubai hazikutosha.

Mama niliyekuwa nikizungumza naye alitazama anga, akatazama mali yake, akafunika upande wa karibu na njia. Upande wa ziwani akauacha. Nikashika fagio nimsaidie kuwazoa, akanizuia kwa mkono. "Achana nao mdogo wangu, hao wameshakuwa wa kuku."

Tone la kwanza lilikuwa hata halijaanguka.

Pembeni, chini ya bati la kibanda cha chai, alikaa mnunuzi wa dagaa wa chakula cha mifugo na mizani yake ya kuning'iniza. Asubuhi nzima hakuwa amenunua kitu wala kubishana bei na mtu. Alikunywa chai, akachezea simu, akasubiri.

Kwenye simu yangu mimi kulikuwa na jedwali nililotumiwa na rafiki anayefanya kazi ya takwimu za uvuvi: mavuno ya samaki wa maji baridi kwa kila mkoa, safu ya tani, kisha safu ya thamani kwa shilingi. Nilikwenda Igombe nikiwa na maswali kuhusu tani. Nikaondoka na swali kuhusu safu ya pili, na ni wiki kadhaa sasa halijanipa raha: wale dagaa walioachwa upande wa ziwani wameandikwa kwa bei gani?

## Samaki anavyogeuka kuwa namba

Jibu fupi ni kwamba wameandikwa kwa bei ya alfajiri.

Wengi wetu tunadhani kila mtumbwi ukitia nanga kuna mtu anapima. Haiwezekani. Ziwa Victoria lina mialo zaidi ya elfu moja katika nchi tatu, na wavuvi zaidi ya 200,000. Kinachofanyika ni sampuli. Inachaguliwa mialo kadhaa na siku kadhaa za mwezi, mwandishi wa takwimu, ambaye mara nyingi ni mtu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo uleule, anapima mitumbwi michache, anauliza aina ya nyavu, idadi ya watu ndani ya mtumbwi, na bei waliyouzia. Wastani unaopatikana unazidishwa kwa idadi ya mitumbwi na siku za kuvua. Idadi ya mitumbwi nayo inatoka kwenye sensa ya uvuvi ambayo nchi tatu zinafanya kwa kushirikiana kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja.

Siidharau kazi hiyo. Bila hiyo tungekuwa tunabishana kwa hisia tu, na ubishi wa wavuvi na watawala kuhusu samaki wamepungua au hawajapungua ni mkubwa hata namba zikiwepo.

Lakini tazama saa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mpevu makambi yanalala, watu wanashona nyavu na kudaiana. Giza likirudi wanaingia ziwani jioni na kutoka kunakopambazuka, dagaa wakiwa wabichi, na biashara yote ya mwaloni inaisha kabla jua halijakaza. Hapo ndipo mwandishi anapoandika uzito na bei. Kilo mara bei, basi, thamani imepatikana.

Dagaa anatoka kitabuni wakati siku yake ndiyo kwanza inaanza.

Bado hajaanikwa. Bado hajageuzwa, hajachambuliwa mchanga, hajafungwa kwenye gunia, hajapakiwa kwenye boti ya mizigo wala kwenye fuso. Na bado haijajulikana kama ataliwa na mtu au na kuku. Mvua ya saa nne inaweza kumshusha daraja kiasi kwamba mama aliyenunua ndoo zake kwa mkopo anabaki na deni kubwa kuliko mali, na kwenye jedwali la mkoa hakuna kilichobadilika. Tani zilezile na shilingi zilezile.

## Mkoa gani umevua?

Nilipoanza kulisoma lile jedwali nilifanya kile kila mtu anachofanya: nikatafuta mkoa wangu, kisha nikatafuta wa jirani nione kama tumewazidi. Mwanza, Mara, Kagera, Geita, Simiyu. Utadhani ligi.

Samaki hana kitambulisho cha mkazi. Sangara aliyevuliwa karibu na Goziba, kisiwa cha Muleba huko Kagera, anaweza kuchukuliwa na boti ya barafu kambini kwao na kupelekwa moja kwa moja kiwandani Mwanza. Pale anachunwa, anakatwa minofu, anapakiwa kwenye maboksi na kwenda Ulaya. Kagera imepata bei ya mwaloni. Mwanza imepata ajira, bili za umeme, mafundi wa majokofu, nyumba za kupanga za wafanyakazi, na jina. Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam sangara wanatoka wapi, hatataja Muleba.

Ukipanda ngazi ya nchi mambo yanazidi. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya eneo la ziwa, Uganda 43, Tanzania 51. Hata hivyo miaka ya mwanzo ya biashara ya minofu, viwanda vya upande wa Kisumu ndivyo vilivyotangulia, na samaki walivuka mpaka kuvifuata. Migingo, jiwe dogo lisilofika hata ukubwa wa uwanja wa mpira, limezigombanisha Kenya na Uganda kwa miaka kwa sababu ya maji ya pembeni yake. Jiwe lenyewe halina kitu. Wavuvi wamelala juu yake, bati kwa bati, kwa sababu sangara wako karibu.

Kwa hiyo "thamani kwa mkoa" nimeanza kuisoma kama thamani ya mahali samaki alipokanyaga ardhi mara ya kwanza. Ni taarifa nzuri kwa anayetaka kujua wapi pajengwe gati. Kwa anayetaka kujua nani amefaidika, haimfikishi mbali.

## Safu mbili zisizosalimiana

Sasa nije kwenye kilichoniuma hasa.

Kwa uzito, dagaa ndiye mfalme wa Ziwa Victoria. Hakuna samaki mwingine anayemkaribia. Kwa thamani, sangara ndiye anayebeba bendera. Ukitawala kwa kusoma safu ya tani, utajenga vichanja vya kuanikia, mabanda ya kukinga mvua, barabara ya changarawe mpaka mwaloni. Ukitawala kwa kusoma safu ya shilingi, utanunua boti za doria.

Tulinunua boti za doria.

Inaeleweka ilivyotokea. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akafumuka miaka ya 1980, akawameza furu, samaki wadogo wa aina mamia ambao wazee wetu waliwala bila kujua kwamba wanasayansi wangekuja kuwalilia. Viwanda vikafuata, na viwanda vikaleta dola. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, serikali zote tatu zilijifunza haraka sana maana ya ukaguzi. Zikapatikana maabara, sakafu za zege, barafu, makoti meupe, vyeti. Yote kwa ajili ya sangara. Dagaa akaachwa palepale mchangani alipokuwa.

Mwaka 2018 ikaja operesheni kubwa ya kukamata zana haramu, makokoro na timba, zikachomwa moto hadharani mwalo baada ya mwalo. Iliitwa Operesheni Sangara. Sisemi haikuwa na sababu. Niliwahi kuona beseni la sangara wa urefu wa kiganja, samaki ambao sheria inataka wafike sentimita 50 kabla hawajaguswa, na mtu mwenye akili timamu hawezi kutetea hilo. Ila sijawahi kusikia operesheni kubwa ya kuwaokoa dagaa na mvua.

Kama unadhani thamani ni kitu kinachokaa ndani ya samaki, angalia mbali kidogo. Maziwa makuu matano ya Amerika ya Kaskazini ni makubwa ajabu, lakini mavuno yake ya kibiashara yote kwa pamoja hayafiki sehemu ya kumi ya yale ya Victoria. Ukiwauliza wenyewe, watakwambia uvuvi wao una thamani ya mabilioni ya dola kwa mwaka. Sehemu kubwa ya hesabu hiyo ni uvuvi wa burudani: boti, hoteli, mafuta, leseni, fimbo za kuvulia, mtu anasafiri maili mia kumvua samaki mmoja na pengine kumrudisha majini. Wenzetu wanahesabu kila kinachomzunguka samaki. Sisi tunahesabu ndoo ya alfajiri.

Takwimu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, za mwaka 2022 zinaweka uvuvi wa maji baridi duniani kwenye tani milioni 11.3, Asia ikiwa na karibu asilimia 63 na Afrika asilimia 29. Kwa tani, sisi ni watu wakubwa. Lakini kwenye meza za wanaopanga bajeti za maji, za mabwawa na za umeme, samaki huyu haonekani, kwa sababu anayebisha mlango kwa niaba yake amebeba safu nyembamba ya pili.

## Bondo

Kwa muda nilijiambia labda nalalamika bure. Bei ni bei. Mvuvi hali lishe, anakula alichouza. Sangara akilipa zaidi, basi ana thamani zaidi, tuendelee na maisha.

Kisha nikafikiria bondo.

Wasomaji wa kanda ya ziwa hawahitaji kuelezwa. Kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara kilikuwa zamani kitu cha kuondoa tu, kinatoka pamoja na matumbo. Mvuvi alilipwa kwa kilo ya samaki mzima na hakuna aliyemwambia kitu. Leo bondo lina mnunuzi wake, mizani yake midogo, kibali chake, na njia yake ya kwenda Hong Kong na China, na kilo moja ya mabondo makavu makubwa inauzwa mara nyingi zaidi ya kilo ya samaki aliyelibeba. Watu wamejenga nyumba kwa bondo. Watu wameibiana bondo.

Sangara hakubadilika. Bondo lilikuwemo siku zote, hata miaka ile ambayo jedwali lilimwandika kama nyama na mifupa. Kilichobadilika ni kwamba alitokea mtu upande wa pili wa dunia aliyejua, kisha habari ikafika mwaloni, kwa kuchelewa, baada ya wengine kula faida ya ukimya.

Hapo ndipo imani yangu katika safu ya pili ilipovunjika. Inapima kile mnunuzi wa kwanza alikubali kutoa, siku hiyo, kwa muuzaji asiye na jokofu.

Na muuzaji huyo mara nyingi hana hata uhuru wa kumchagua mnunuzi. Nyavu ni za tajiri, injini ni ya tajiri, mafuta ya safari ya leo yamelipwa na wakala, na samaki wameshauzwa kabla hawajavuliwa. Bei anayoiandika mwandishi wa takwimu ni bei baada ya deni kuongea. Upande wa Kenya kina mama wa omena, ndio dagaa wetu hawahawa, wana jambo la ziada ambalo limeandikwa na kusemwa sana: jaboya, mvuvi anayetaka mwili juu ya pesa ndipo ampe mama samaki. Huko Nyanza kuna kina mama waliojipanga wakanunua mitumbwi yao wenyewe ili kukata mnyororo huo. Kwenye safu ya shilingi, ndoo ya mama mwenye mtumbwi na ndoo ya yule mwingine zina bei moja.

Halafu kuna mapanki, ambayo wenzetu wa Kenya wanayaita mgongo wazi: kichwa na mifupa baada ya minofu kwenda zake. Yanakaangwa, yanauzwa, yanaliwa na familia zinazoishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kiwandani. Mimi nimekula na nitakula tena, kichwa cha sangara kikipata ndimu hakina mpinzani. Ila nikisikia mkoa umesifiwa kwa thamani ya samaki wake, nakumbuka ni sehemu gani ya samaki iliyobaki mkoani.

## Rukwa

Nilitaka makala iishie kwenye bondo. Ni hadithi nzuri, ina ujanja na pesa. Lakini rafiki yangu wa takwimu alinitumia jedwali lingine, safari hii halina samaki hata mmoja.

Ni la utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2022. Kwa Tanzania nzima, watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mikoa inayoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa. Rukwa ni karibu nusu ya watoto.

Rukwa ina Kirando. Rukwa ina Kasanga. Ina pwani ndefu ya Ziwa Tanganyika, dagaa na migebuka ambao ukiwataja Dar es Salaam watu wanameza mate. Na juu ya hapo ina Ziwa Rukwa lenyewe.

Nitakuwa mwangalifu hapa. Kudumaa kunatokana na mengi: maji machafu, malaria, mama aliyerudi shambani mapema, uji wa mahindi matupu asubuhi na jioni. Nyanda za juu za Sumbawanga ziko mbali na ufukwe, na barabara ya kushuka ziwani si ya mchezo. Siwezi kuweka majedwali mawili bega kwa bega na kudai moja limezaa lingine.

Lakini dagaa analiwa mzima, na kichwa, na mifupa. Chokaa ya mifupa, madini ya chuma, zinki, vitamini A, vyote vimo ndani ya kitu kidogo kama kidole cha mtoto. Ni vigumu kubuni chakula kinachomfaa zaidi mtoto wa Rukwa. Na gari linapanda mlima usiku likiwa limejaa, linapita vijiji hivyohivyo, linakwenda Tunduma, Mbeya, Dar es Salaam, Zambia. Linakwenda kwenye bei. Mfanyabiashara hana kosa. Na yeye ana watoto.

Mkoa umeandikiwa mavuno. Hakuna safu ya waliokula.

Wakati Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, mjadala niliousikia ulikuwa wa mapato: halmashauri zitapoteza ushuru kiasi gani, wenye vipe, yaani mitumbwi ya kuvulia, watalipaje mikopo. Hoja halali. Upande wa pili walikuwepo wanaosema ziwa limechoka, na wana ushahidi: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kupanda kwa joto la maji kumeshusha uzalishaji wa msingi wa Tanganyika kwa karibu asilimia 20, na kwamba samaki wangeweza kupungua kwa asilimia 30 hivi. Ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470 linategemea upepo kuchanganya maji ya chini na ya juu. Joto likizidi, maji hayachanganyiki, chakula kinabaki kilindini. Mvuvi hakufanya kosa hilo, ila yeye ndiye aliyeambiwa akae nyumbani miezi mitatu. Nani alikosa kitoweo kwa miezi hiyo, na alikula nini badala yake? Hilo ningependa lipimwe kwa bidii ileile ya kupima ushuru.

Na kuna jambo moja kuhusu dagaa wa Tanganyika linalonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Aina moja yao ilichukuliwa ikapandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadaye Kariba, mwaka 1967 na 1968. Goma na Bukavu leo wanamla kwa jina la sambaza. Zambia na Zimbabwe wanamwita kapenta, na kule Kariba anavuliwa kwa majukwaa yenye taa na winchi, anakaushwa kwa utaratibu, anafungwa kwenye pakiti ya plastiki yenye nembo na kuuzwa supamaketi. Ndugu zake waliobaki nyumbani wanasafiri kwenye viroba vilivyowahi kubeba sukari.

## Rafiki yangu alivyonipinga

Nilimsomea rafiki rasimu ya makala hii kwa simu. Akanisikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Kaka, yai unakula?"

Nakula.

"Kuku anayetaga hilo yai amekula nini?"

Ni hoja nzito kuliko nilivyotaka iwe. Dagaa wa kuku hapotei. Anarudi kama yai, kama nyama, na siku hizi anarudi kama sato wa vizimba, wale wanaofugwa ziwani humohumo kwa chakula chenye dagaa ndani yake. Akaniambia pia nisiwaonee wanunuzi wa chakula cha mifugo, maana siku ya mvua wao pekee ndio wanaotoa hela. Bila yule jamaa wa kibanda cha chai, mama wa Igombe angeondoka mikono mitupu.

Nimelikubali hilo la mwisho. Yule jamaa hakuileta mvua.

La kwanza nimelikubali nusu. Ili upate kilo moja ya kuku au sato unateketeza chakula kingi kuliko kilo hiyo, na anayenunua yai si yule aliyekuwa akinunua dagaa. Dagaa wa fungu ni kitoweo cha mtu mwenye hela ya fungu. Yai la trei linakwenda mjini, kwa watu kama mimi, ambao hatuna shida ya protini. Tena kuna hesabu inayojirudia humu ambayo hata yeye ilimnyamazisha kidogo: dagaa anaandikwa kama mavuno ya ziwa, kisha sato aliyemla anaandikwa kama mavuno ya ufugaji, na tukijumlisha tunapongezana mara mbili.

Sitaki dagaa wa kuku apigwe marufuku. Marufuku zetu tunazijua zinavyoishia. Ninachotaka ni kujua ni kiasi gani, mkoa gani, miezi gani. Kama masika inahamisha chakula cha watu kwenda kwa kuku kila mwaka, kichanja kilichoezekwa si msaada wa kina mama, ni uzalishaji, na kinastahili kukaa kwenye bajeti pembeni ya boti ya doria.

## Swali moja kwenye fomu

Kwa hiyo nikatafuta mwandishi wa takwimu wa kweli, mtu anayebeba fomu mwaloni. Nikampata, kijana mpole, mkono wa kuandikia umejaa magamba. Nikampa pendekezo langu ambalo nilidhani ni dogo kabisa: kwenye sehemu ya dagaa, baada ya uzito na bei, liongezwe swali la dagaa hawa wanakwenda wapi, kwa watu au kwa mifugo, na bei ichukuliwe mara ya pili wakishakauka.

Hakucheka, nashukuru. Alifikiri, akaniambia fomu tayari ni ndefu na wavuvi wanachoka kujibu. Akasema pia kwamba Mwaloni Kirumba, lile soko la samaki na dagaa jijini Mwanza, magunia yanayotoka kwenda Kongo na Burundi yanaandikwa getini kwa ajili ya ushuru, kwa hiyo nusu ya jibu langu huenda imelala kwenye vitabu vya stakabadhi na hakuna aliyeipeleka kukutana na takwimu za mialo. Hilo nalifuatilia. Msomaji mwenye njia ya kuvifikia vitabu hivyo, au wa Kirando na Kasanga anayejua gunia linapimwaje kule, sehemu ya maoni iko wazi.

Kisha akaniuliza swali lake. Kama mwenye dagaa mwenyewe hajui wataliwa na nani mpaka jioni, yeye wa saa kumi na mbili asubuhi ataandika nini?

Nikamwambia aende jioni.

"Jioni," akasema, "haina posho."